Robi Alivyofuta Watu wa Kava la Heche

Lile kava la kwanza nililitengeneza mimi, Regina wa steshenari ya Kisaka, na sitaki mtu aje aniambie nayasema haya kwa wivu. Wivu wa nini? Nina kompyuta mbili, nina printa ya rangi, na kila anayetaka picha ya pasipoti kuanzia hapa mpaka Ringwani anakuja kukaa mbele ya kitambaa changu cha bluu. Ninayemsema ni Robi, binti wa Wegesa, aliyekwenda Mwanza kusomea dizaini akarudi na miwani isiyo na namba na maneno makubwa ambayo anayatamka taratibu asije akayakosea.

Nianze na kava lenyewe, mjue ugomvi unatoka wapi. Mzee Heche anapiga ritungu, chombo chetu cha nyuzi nane, na miaka tisa iliyopita aliamua kwamba nyimbo zake zisiishie kwenye harusi za watu, zitoke kwenye CD. Heche ana maringo, tangu zamani. Lakini akiimba anataja watu: fulani mwana wa fulani, aliyenikaribisha, aliyenichinjia mbuzi, aliyenipakia kwenye baiskeli nilipoumwa mguu. Mtu akishatajwa kwenye ritungu anatembea wiki nzima kifua mbele. Msidanganyane, hakuna anayekaa saa tatu kusikiliza nyuzi tupu. Watu wanakaa wakingoja majina yao. Sasa Heche alipokuja kwangu kutaka kava, alikuja na orodha ya watu thelathini na mmoja waliomsaidia mpaka albamu ikatoka, akasema wote wakae mbele. Nikamwambia hawataenea. Akaniambia wabane.

Nikawabana. Siku nne nimekaa hapo na kiuno kinaniuma. Sura thelathini na moja, kila moja ukubwa wa kucha ya dole gumba, Heche katikati na ritungu lake, nyuma yake maporomoko ya maji niliyoyatoa kwenye intaneti, na simba pembeni, maana Heche alisema bila simba watu wa Tarime watadhani ni kwaya. Maandishi ya njano yenye kingo nyekundu. Namba za simu tatu. Limejaa, najua limejaa, nina macho. Lakini simama nalo mnadani popote unapotaka, dakika haiishi kidole cha mtu kiko juu yake: huyu si Gidion wa mashine? Huyu si Mokami? Watu ambao hawakuwahi kuingia darasani walikuwa wanalisoma lile kava kuliko wanavyosoma wengine gazeti.

Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, ni Wegesa, mama yake Robi. Wegesa alitoa nyumba. Walirekodi kwake siku tatu nzima kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na mvua ikinyesha nyasi hazipigi kelele kama bati. Akahamishia watoto kwa jirani, akapeleka mbwa mbali, akatoa kuku wote, na bado jogoo mmoja alijificha mahali akawika kwenye wimbo wa tatu. Mpaka leo yumo. Alipokuja kupigwa picha alikuwa amejifunga kichwani kitambaa cha maua alichoazima kwa mke wa mchungaji, akakaza uso, nikamwambia legeza, akakaza zaidi. Kabla ya hapo picha yake ilikuwa moja tu, ile ya kadi ya kura. Kava lilipotoka alilipachika ukutani juu ya kitanda, na kila mgeni aliyeingia kwake alioneshwa kabla hajapewa hata kiti.

Robi amekulia chini ya kava hilo. Akili anazo, hilo simnyimi. Darasa la tano alichora ramani ya mkoa ubaoni bila kutazama kitabu, mwalimu akaacha isifutwe wiki nzima. Kidato cha nne hesabu zikamwangusha, mama yake akamleta kwangu nimfundishe kompyuta. Nilimshika mkono kwenye mausi. Mimi ndiye niliyemfundisha kukata sura ya mtu kwenye picha bila kumkata sikio. Amekaa hapa mwaka mmoja na nusu, ananiita mama mdogo, anakula ugali wangu, kisha Wegesa akajikamua alivyojikamua na mtoto akaenda chuo Mwanza. Mwaka wa kwanza alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili akawa anatuma ujumbe.

Haya ya chuoni nimeyatoa kinywani mwake mwenyewe, sikuyasikia mtaani. Mwaka wa mwisho mwalimu wao wa dizaini, mmoja anaitwa Melkiori, aliwapa kazi ya kumalizia: kila mwanafunzi achague albamu ya muziki iliyokwisha kutoka, atengeneze upya kava lake lote, mbele, nyuma na ndani, halafu mwanamuziki mwenyewe aweke saini kwamba amelikubali. Bila saini hakuna kufaulu, na bila kufaulu kazi hiyo hakuna cheti. Wenzake wakachagua wasanii wa mjini. Robi akamchagua Heche, na hapo alifanya vizuri, nampa haki yake. Akalipeleka kava langu darasani, likawekwa kwenye projekta, likajaa ukuta mzima.

Mwalimu Melkiori akacheka. Akauliza kama hili ni tangazo la watu waliopotea. Darasa likaangua kicheko. Alipoona wamependa, akachukua fimbo yake ya kuonyeshea akaanza kupita sura moja moja, huyu masikio, huyu shingo, mpaka akasimama mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, akauliza huyu mama mwenye kitambaa cha meza kichwani naye anapiga chombo gani. Wengine wakapiga madawati. Na Robi akacheka. Hakunyamaza wala hakuinama. Alicheka kwa sauti pamoja nao, anautazama uso wa mama yake mzazi pale ukutani, umekuwa mkubwa kuliko mlango. Nilipomuuliza kwa nini, alikula jiwe. Nilitamani kumzaba kibao.

Ndipo akatengeneza lake. Kahawia tupu. Mstari mmoja mwembamba mweusi umepita katikati, eti huo ni uzi wa ritungu. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa na tochi, HECHE. Simba hakuna, maji hakuna, simu hakuna, na mtu hata mmoja hakuna. Melkiori akalisifu mbele ya darasa akasema hili sasa ni kava linalopumua. Linapumua! Karatasi tangu lini ikawa na mapafu? Akampa alama za juu kuliko wote, akamwambia imebaki saini tu, ailete kabla mwezi haujaisha.

Akaja Jumamosi. Alipita kwangu kwanza, shikamoo mama mdogo, akatoa kitu chake kwenye mfuko wa plastiki kwa vidole viwili. Nilikitazama, nikamuuliza kama printa iliishiwa wino. Akanieleza habari za nafasi, kwamba nafasi tupu nayo inasema, kwamba macho ya mtazamaji yanataka kupumzika. Nikamwambia macho yanayotaka kupumzika yakalale. Akatabasamu ile tabasamu ya kunivumilia, mimi niliyemshika mkono kwenye mausi. Nikafunga duka twende wote kwa Heche, maana nilitaka nione kwa macho yangu.

Heche alikuwa uani anakaza nyuzi. Akalipokea lile kava, akaligeuza, akatazama nyuma, akafungua kasha akatazama ndani, akaligeuza tena. Akauliza watu wake wako wapi. Robi akaanza: dizaini ya kisasa, soko la nje, mistari, rangi ya udongo wetu. Heche alimwacha amalize, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mtu yeyote, hata mkuu wa wilaya.

"Hao watu niliwataja kwa mdomo wangu," akasema. "Nikiwatoa, nimesema nilidanganya. Sisaini."

Mtoto wa watu badala ya kunyamaza akazidi kuharibu. Akasema saini ni ya chuo tu, hapa kijijini hakuna atakayeliona. Nilifumba macho. Heche akasimama, na akisimama ni mrefu, akamuuliza kama amemtembelea kumwomba aweke jina lake kwenye kitu cha kufichwa watu wasikione. Kisha kwa dharau tu, kwa kuwa alijua haitawezekana, akampa njia. Aende kwa wote thelathini na mmoja, kila mmoja akubali kutolewa, na aandike saini yake. Waliokufa, na walikuwa wamefikia wanne, wasaini warithi wao. Wakitimia wote, naye atasaini. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Alilia kwenye benchi la duka langu mpaka miwani ikaja puani. Hapo ndipo aliponitapikia yote, projekta, kitambaa cha meza, kicheko. Akaniomba nisimwambie mama yake. Nikamwambia mimi si tarishi wako, siwapelekei watu habari zako, na nisingejua hata pa kuanzia kumwambia Wegesa jambo la namna hiyo. Halafu nikamchapia orodha ya majina na mahali pa kusaini, karatasi tatu. Sijui kwa nini nilimchapia.

Wegesa alipoambiwa mtoto hapati cheti bila saini hizo, hakuuliza kava la zamani lina ubaya gani. Alijifunga kanga akasema twende. Siku ya kwanza niliwasindikiza, nikajuta. Kila walipofika Wegesa aliongea kwanza, Robi amesimama nyuma na kalamu. Na alisema maneno yale yale kila nyumba: mimi pia nimo kwenye kava, na mimi nimekubali kutolewa ili mtoto asome amalize, nawe nakuomba kubali. Nyumba ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tano hivyo, na sauti yake haikubadilika. Robi alikuwa anatazama viatu vyake. Nyumba ya sita nikasema nina wateja, nikarudi.

Na watu nao, loo! Nilikuwa nawadhania ni watu. Mokami, bibi wa miaka themanini, aliuliza kama wanamtoa kwa sababu wamesikia anaumwa, na alisaini baada ya kuapiwa kwamba hakuna aliyesema anakufa. Huyo angalau alikuwa na uchungu. Gidion wa mashine ya kusaga alikataa katakata, akasema yeye ndiye aliyembeba Heche na ritungu lake kwenye mvua mpaka Ringwani, hatoki ng'o. Wakaanza kuondoka. Akawaita, akauliza kama Vincent naye ametolewa. Vincent ni jirani yake, wanagombania mpaka wa shamba tangu enzi za baba zao. Wakamwambia ametolewa. Gidion akasaini huku anatabasamu. Vincent naye, walipofika kwake, akauliza habari za Gidion.

Kuanzia hapo habari zikatangulia. Walipofika Ringwani watu hawaulizi tena kava wala cheti, wanauliza nani mwingine katoka, na mtu akisikia jina la asiyempenda anashika kalamu haraka. Mke wa mchungaji, yule mwenye kitambaa cha maua, alisema Bwana hapendi majivuno, akasaini, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mama mchungaji wa kanisa la pili yumo bado. Hao ndio niliowabana siku nne kwa kiuno changu.

Aliyebaki mbali ni Waitara, ambaye siku hizi anachimba dhahabu Nyakunguru, upande wa Tarime. Wakamfuata kwa bodaboda, wakavuka Mto Mara, mama na mtoto nyuma ya dereva mmoja, vumbi mpaka kwenye kope. Wakamkuta anatoka shimoni. Wegesa akasema maneno yake. Waitara alifurahi, akauliza kama wanaweza kumtoa na kwenye wimbo pia, kwa sababu kuna mwanamke Sirari anamtafuta kwa jina lake kamili. Wakamwambia wimbo hauwezekani. Akasaini kava, shingo upande.

Siku ya kumi na mbili saini zilikuwa thelathini. Imebaki moja, ya Wegesa. Yeye alikuwa amesema atasaini mwisho, wageni kwanza. Wakaja kwangu asubuhi ya siku ya mnada kwa kuwa nina meza iliyonyooka, na kutoka hapo Robi alitaka aende moja kwa moja kwa Heche kisha akapande basi. Alikuwa amekonda. Nilimpa mama yake kalamu.

Wegesa akaiweka karatasi mbele yake. Anasoma pole pole, kwa kidole, na alisoma majina yote, akiyatamka chini chini. Alipofika kwenye lake hakuandika.

"Huko chuoni," akasema bila kuinua kichwa, "mwalimu wako aliniona?"

Robi akasema alimwona.

"Akasema nini?"

Mimi nikageukia rafu nikaanza kupanga madaftari yaliyokuwa yamepangwa. Robi angeweza kudanganya. Mimi mwenyewe nilikwisha kufungua mdomo nimdanganyie, nilikuwa na uongo mzuri tayari, kwamba mwalimu alisema huyu mama ana uso wa heshima. Nilimdharau yule mtoto wiki mbili nzima, na bado nilitaka kumwokoa.

"Alicheka, Mama," Robi akasema. "Alisema umefunga kitambaa cha meza."

Wegesa akatikisa kichwa kidogo. Akasema kile kilikuwa kitambaa kizuri, mke wa mchungaji alikinunua Musoma. Nje walikuwa wanapitisha ng'ombe kwenda mnadani.

"Na wewe?"

"Nilicheka."

"Kwa nini?"

Mimi nilimuuliza swali hilo hilo akala jiwe. Kwa mama yake hakuweza. Alivua ile miwani akaishika mkononi, akasema hakutaka wenzake wajue kwamba yule ni mama yake.

Nimemwona Wegesa akizika mume. Nimemwona siku mvua ya mawe ilipomaliza mtama wake wote. Sikuwahi kuona uso ule. Alimtazama binti yake, na Robi akatoa mkono ashike mkono wake, lakini huo ndio mkono uliokuwa na kalamu, Wegesa akausogeza.

"Basi hawajui mpaka leo," akasema, akainama akasaini.

Aliandika majina yake yote matatu, herufi moja baada ya nyingine, akibonyeza. Kisha akanirudishia kalamu, akanishukuru kwa meza, akatoka kwenda mnadani kununua chumvi. Robi alibaki pale kwenye benchi na karatasi yake mapajani, saini thelathini na moja, hakuna hata moja iliyopungua.